Maswali ya Wasomaji: Skuta ya Kiitaliano, ya Mzee na ya Mjukuu

Barua nyingi tulizopokea kwa toleo hili zinahusu skuta za Kiitaliano, ambazo zimeanza kuonekana tena katika barabara za Mombasa baada ya miaka mingi ya pikipiki za boda boda kutawala. Tumechagua barua sita. Zile zilizouliza jambo moja tumeziunganisha, na majina ya waandishi tumeyaacha.

Mhariri, salaam aleikum. Katika ujana wangu nilikuwa na Vespa ya giya za mkononi, nikienda nayo kazini bandarini. Sasa mjukuu wangu amenunua Vespa mpya. Sura ni ileile, lakini haina giya, haina kanyagio la breki, haina gurudumu la akiba, na petroli yake haichanganywi na oili. Nauliza: zaidi ya jina, kilichobaki ni kitu gani? (Mzee, Mji wa Kale)

Wa aleikum salaam, mzee wangu, na shikamoo. Kilichobaki ni kikubwa, lakini kimefichika kwa sababu ndicho kinachobeba vyote vingine, na ili tukione inatubidi turudi kwa mtu aliyekibuni.

Kampuni ya Piaggio, inayotengeneza Vespa, ilianzishwa mwaka 1884 na Rinaldo Piaggio huko Genova. Ilianza na kazi za kupamba meli kwa ndani, ikaingia katika mabehewa ya reli, na baadaye katika ndege. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, kiwanda chake cha Pontedera, katika jimbo la Toscana, kilikuwa kimebomolewa kwa mabomu, na hapakuwa tena na soko la ndege za kivita. Enrico Piaggio, mwana wa mwanzilishi, alitaka chombo cha bei nafuu kitakachowapeleka Waitaliano kazini juu ya barabara zilizovunjika. Jaribio la kwanza, lililoitwa Paperino kwa utani, halikumridhisha, ndipo kazi ikakabidhiwa Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege ambaye helikopta yake iliweka rekodi za dunia mwaka 1930.

D'Ascanio hakuzipenda pikipiki, na naamini hiyo ndiyo bahati kubwa iliyoifikia skuta. Alizihesabu kero zake na kila moja akaitafutia dawa katika umbo lenyewe. Mnyororo unachafua nguo, kwa hiyo aliuondoa na kuiweka injini kando kabisa ya gurudumu la nyuma. Kurusha mguu juu ya tangi ni taabu, hasa kwa aliyevaa gauni au kanzu, kwa hiyo aliacha uwazi mbele ya kiti na kuweka ngao ya bati ya kuikinga miguu dhidi ya tope. Giya alizihamishia kwenye usukani, mkono wa kushoto. Gurudumu la mbele alilishika kwa mkono mmoja wa pembeni, kama magurudumu ya ndege yanavyoshikwa, ili tairi likitoboka mtu afungue nati na kubandika jingine bila kufungua uma wote, yaani ile mikono miwili inayolishika gurudumu la mbele la pikipiki. Hataza iliwasilishwa Firenze tarehe 23 Aprili 1946. Skuta hiyo ya kwanza ilikuwa na injini ya cc 98, nguvu ya farasi 3.2, na mwendo wa kilomita 60 kwa saa.

La msingi kuliko hayo yote, mzee wangu, ni kwamba hakukuwa na fremu. Pikipiki ina mifupa ya mabomba, na vitu vingine hutundikwa juu yake. Vespa ilitengenezwa kwa bati la chuma lililokandamizwa kwa mashine na kuchomelewa, likawa bodi na fremu kwa pamoja, jambo ambalo mtu wa ndege alilijua vizuri kwa sababu ganda la ndege hubeba uzito vivyo hivyo. Hicho ndicho kilichobaki. Ile ya mjukuu wako, ukiivua kiti na vifuniko vyake, utakuta chuma hichohicho kimeunganishwa kutoka mbele hadi nyuma, na gurudumu la mbele bado limeshikwa kwa mkono mmoja.

Mabadiliko unayoyaona yalikuja kwa kulazimishwa. Vespa za PX, zilizotoka mwaka 1977, ndizo zilizokuwa kilele cha mtindo wako wa giya za mkononi. Lakini skuta za Kijapani zisizo na giya zilikuwa zikiwavuta vijana na wafanyakazi wa ofisini ambao hawakutaka kujifunza klachi, na wakati huohuo sheria za moshi za Ulaya ziliibana injini ya mipigo miwili, kama ile ya Vespa yako. Injini hiyo huchoma oili yake pamoja na petroli, na kila inapofukuza moshi, sehemu ya mchanganyiko mpya ambao haujaungua hutoroka nao. Hapana ufundi rahisi wa kuliziba tundu hilo. Kwa hiyo mwaka 1996, Vespa ilipotimiza miaka hamsini, Piaggio ilitoa ET4, yenye bodi mpya ya chuma, injini ya mipigo minne ya cc 125, na giya za kujibadilisha zenyewe. Mwaka 2003 ikaja Granturismo yenye magurudumu ya inchi 12, breki za diski mbele na nyuma, na injini inayopozwa kwa maji, ambayo rejeta zake zilifichwa ndani ya ileile ngao ya miguu. Mwaka 2005 ikaja GTS, ambayo badala ya kabureta ilikuwa na mfumo wa elektroniki wa kunyunyiza petroli. Mwaka 2008 injini ikafika cc 278. Na mwaka 2014 zikaongezwa breki zisizofunga gurudumu, pamoja na mfumo wa kulizuia gurudumu la nyuma lisiteleze linapopewa nguvu nyingi.

Mimi naihesabu ile kazi ya kuzificha rejeta kuwa ya ubunifu mkubwa kuliko kuongeza nguvu za farasi. Kuongeza nguvu kunahitaji hesabu tu. Kuongeza nguvu, maji, mabomba na feni bila kulivunja umbo ambalo dunia nzima inalitambua kwa kivuli chake kunahitaji hesabu na jicho.

Gurudumu la akiba liliondoka kwa sababu tairi za leo hazina mpira wa ndani, hivyo zikitoboka kwa kawaida hupungua upepo polepole, na nafasi chini ya kiti imepewa helmeti. Na kama unakumbuka Vespa yako ilivyokuwa ikielemea kulia, hiyo ilikuwa ni injini iliyokaa upande huo. Siku hizi silinda imelazwa kuelekea mbele, karibu na mstari wa katikati, na uzani umekaa sawa.

Nakuomba jambo moja kabla ya kuijaribu ya mjukuu. Mkono wa kushoto, pale ulipozoea kubana klachi, sasa pana breki ya nyuma. Mazoea ya miaka yatakufanya uubane kwa nguvu ukitaka kubadilisha giya ambayo haipo, na skuta itasimama ghafla. Anza katika uwanja mtupu.

Nasomea uhandisi hapa Tudor. Naomba nielezwe skuta inavyobadilisha giya bila kuwa na giya, na kwa nini injini yenyewe inapanda na kushuka pamoja na gurudumu la nyuma. (Mwanafunzi)

Swali lako la pili ndilo linalojibu la kwanza, kwa hiyo nitayachukua pamoja.

Ndani ya kile kifuniko kirefu cha upande wa kushoto mna puli mbili na mkanda wa mpira. Puli ya mbele imefungwa kwenye ekseli ya injini, nayo imegawanyika vipande viwili vyenye nyuso za mteremko, mkanda ukipita katikati yake. Nyuma ya kipande kimoja zimepangwa rola ndogo nzito. Injini ikizunguka polepole, vipande huachana na mkanda huzama karibu na ekseli; hapo injini inalazimika kuzunguka mara nyingi ili gurudumu lizunguke mara moja, kama ilivyo katika giya ya kwanza. Injini ikiongeza kasi, mzunguko huzitupa rola nje, nazo husukuma kipande kimoja kimsogelee mwenzake, na mkanda hauna budi kupanda. Kwa kuwa urefu wa mkanda haubadiliki, upande wa nyuma hulazimika kuzama kwa kuivuta puli ya nyuma ipanuke dhidi ya springi yake. Ukikutana na mlima, kasi ya injini ikapungua, springi hushinda na mkanda hurudi ulikotoka. Hapana hatua wala mruko, ndiyo maana utasikia injini ikinguruma kwa sauti moja huku skuta ikizidi kushika mwendo. Nyuma ya puli ya nyuma kuna klachi ambayo viatu vyake hufunguka kwa mzunguko uleule na kushika ngoma, kwa hiyo skuta husimama bila injini kuzimika.

Sasa fikiria mkanda huo ungekuwaje kama injini ingefungwa kwenye bodi na gurudumu likawa linapanda na kushuka peke yake. Umbali kati ya puli ungebadilika kwenye kila shimo. Ndiyo maana injini, mkanda na gurudumu vimefungwa katika kasha moja linaloning'inia kwenye bawaba moja ya bodi, na wazo hilo la kuifanya injini kuwa mkono wa gurudumu la nyuma lilikuwamo tangu enzi za D'Ascanio, kabla ya mkanda. Gharama yake ni uzito. Gurudumu la nyuma linapogonga shimo linainua injini nzima pamoja nalo, na kwa kuwa magurudumu yenyewe ni madogo, barabara mbovu utaisikia mgongoni kuliko anavyoisikia mwenye pikipiki ya magurudumu makubwa. Huo ni udhaifu wa kweli wa umbo hili, na hakuna muundo wa shokomzoba uliouondoa kabisa.

Kwa matumizi ya hapa, jihadhari na mteremko wa feri pale Likoni maji yanapokupwa. Wengi huishikilia skuta kwa akselereta ili isirudi nyuma wakisubiri foleni isogee. Wakati huo klachi inasuguana bila kushika, inapata moto, na viatu vyake vinang'aa kama kioo na kuanza kuteleza. Shika breki, uachie akselereta, usubiri. Vumbi la mchanga nalo huzila rola zikapata ubapa upande mmoja. Ukihisi skuta inatetemeka inapoanza kuondoka, mwambie fundi afungue kifuniko kabla ya kulaumu injini.

Bwana Mhariri, nakaa Nyali, karibu na bahari, ambako hata komeo za madirisha zinaliwa na kutu. Kwa nini Waitaliano wanaendelea kutumia chuma wakati skuta nyingine zote ni plastiki? Je, ninunue? (Bi., Nyali)

Bibie, umeuliza swali ambalo wauzaji hawapendi kuulizwa.

Skuta nyingi za leo zina fremu ya mabomba iliyofunikwa kwa vipande vya plastiki. Njia hiyo pia ina mzizi Italia: Lambretta ya Ferdinando Innocenti, iliyoanza kutengenezwa Milano mwaka 1947, ilijengwa juu ya bomba la chuma, na vifuniko vilikuja baadaye kama nguo. Lambretta ilipoacha kutengenezwa Italia mwanzoni mwa miaka ya sabini, mitambo yake iliuzwa India. Kwa upande wa gharama, njia ya Lambretta ndiyo iliyoshinda duniani. Plastiki ikivunjika unanunua kipande kingine, na chini yake fremu iko salama.

Vespa ilishikilia njia yake. Sehemu ya sababu ni ugumu wa ganda la chuma, unaoifanya itulie kwenye kona, na sehemu ni biashara, kwani chuma ndicho kinachomfanya mnunuzi akubali bei ya juu na ndicho kinachoifanya skuta ya miaka thelathini iwe bado na thamani. Nakiri kwamba naipenda njia hii. Lakini kwa mtu wa pwani, kutu kwenye chuma hiki si doa la rangi tu. Bodi ndiyo fremu, kwa hiyo kutu inayokula sakafu ya miguu inakula uti wa mgongo wa chombo.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, kwa masharti. Ioshe mara kwa mara, hasa miezi ya kusi ambapo upepo unaleta chumvi kutoka baharini, na uioshe kwa maji matamu. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na kuosha chuma kwa maji hayo ni kukipaka ugonjwa. Inua mkeka wa sakafu uache pakauke. Usimruhusu fundi atoboe bodi ili kufunga kibebeo au taa, kwa sababu tundu lile halina rangi ndani yake na kutu itaanzia hapo. Mwombe fundi wa rangi apulizie nta ya kuzuia kutu ndani ya sehemu zilizofungika, chini ya sakafu na kuzunguka boliti za stendi. Na kama unanunua iliyotumika, njoo na tochi na sumaku. Lala chini uitazame kwa chini, kisha pitisha sumaku juu ya bodi: inaposhindwa kushika, ujue pana puti iliyofunika pengo. Rangi inayong'aa isikushawishi.

Mimi ni dereva wa tuktuk, stejini Kongowea. Kuna mtu aliniambia tuktuk na Vespa ni ndugu. Ni kweli au ananichezea? (Dereva)

Ni kweli, ndugu yangu. Mwaka 1948 D'Ascanio huyohuyo alichukua sehemu ya mbele ya Vespa, akaweka ekseli yenye magurudumu mawili nyuma na sanduku la kubebea mizigo, akapata Ape. Wafanyabiashara wadogo wa Italia, ambao hawakuweza kununua gari, waliitumia kupeleka mboga na mkate. Leo Ape za abiria zinatengenezwa Baramati, nchini India, na hizo ni miongoni mwa tuktuk zinazofika kwetu. Hata Bajaj, ambaye ni mshindani wake stejini kwako, aliwahi kutengeneza Vespa kwa leseni ya Piaggio katika miaka ya sitini kabla ya kuendelea na skuta zake mwenyewe. Ukitazama gurudumu la mbele la tuktuk ya Piaggio utaona limeshikwa upande mmoja tu.

Niliona picha ya skuta ya Piaggio yenye magurudumu mawili mbele na moja nyuma, nayo inalala kwenye kona kama pikipiki. Inawezekanaje isianguke, na ina faida gani? (Msomaji, Bamburi)

Hiyo ni MP3, iliyotoka mwaka 2006, na kwangu mimi ndiyo kazi ya kijasiri zaidi iliyotoka Pontedera tangu ile ya 1946.

Chombo cha magurudumu matatu kisicholala, kama tuktuk, hulazimika kupunguza mwendo sana kwenye kona kwa sababu uzito hukimbilia upande wa nje. Pikipiki hulala ndani ya kona na kuushinda msukumo huo, lakini ina tairi moja tu mbele, na tairi hilo likiteleza juu ya mchanga au oili mara nyingi dereva huanguka. Wahandisi wa MP3 walitaka faida ya pande zote mbili. Waliweka mbele mikono minne ya aluminiamu, miwili juu na miwili chini, iliyounganishwa na nguzo mbili za pembeni kwa bawaba, hivyo kwamba yote pamoja ni pembe nne inayoweza kuegemea upande wowote. Dereva akilala, pembe nne inalala, na magurudumu yote mawili yanalala sawasawa na bodi, hadi nyuzi 40, huku kila gurudumu likiwa na shokomzoba yake. Moja likipita juu ya shimo, lingine bado limeishika barabara.

Kilichobaki kilikuwa tatizo la kusimama, kwani chombo kinacholala kwa uhuru kitaanguka kikisimama. Wakaweka kufuli ya haidroli inayoendeshwa kwa umeme: ukikaribia kusimama, unabonyeza swichi, mikono inagandamana, na skuta inasimama wima bila wewe kushusha mguu. Ukizungusha akselereta tena ili kuondoka, inafunguka.

Faida kubwa ni breki. Tairi mbili mbele zinashika zaidi kwenye lami iliyolowa, na dereva anaweza kubana kwa nguvu bila hofu kubwa. Huko Ufaransa na Italia toleo lenye magurudumu ya mbele yaliyotanuliwa zaidi lilikubaliwa kuendeshwa kwa leseni ya gari, na hilo liliifanya ipendwe sana Paris na watu wa ofisini. Hasara zake ni uzito, bei, na mabawaba mengi ambayo kila moja ni mlango wa chumvi na mchanga. Kupenya nayo katika vichochoro vya Mji wa Kale kungekuwa shida, na kwa mashimo yetu ningependa kwanza kujua kama kuna fundi mjini aliyewahi kuifungua ile mikono ya mbele. Kuipenda kazi ya mhandisi hakumaanishi kuinunua.

Boda boda za umeme zimeingia mjini. Je, Waitaliano nao wana skuta ya umeme, na inamfaa mtu anayeishi ghorofa ya tatu kama mimi? (Msomaji, Changamwe)

Wanazo. Vespa Elettrica ilianza kutengenezwa Pontedera mwaka 2018, ikiwa na bodi ileile ya chuma, mota ya kilowati 4 katika kilele chake, masafa ya hadi kilomita 100, na muda wa kuchaji wa saa nne. Mota hurudisha sehemu ya umeme kwenye betri unapopunguza mwendo, jambo lenye manufaa katika msongamano. Ya kwanza ililinganishwa na skuta za cc 50, yenye mwendo wa kilomita 45 kwa saa, ambao hautoshi kwa barabara ya Makupa yenye malori, na baadaye likatoka toleo la kilomita 70.

Kikwazo chako ni kwamba betri yake imefungwa ndani na haitoki. Skuta inafuata plagi, na plagi yako iko ghorofa ya tatu. Piaggio yenyewe ilitambua tatizo hilo, kwani mwaka 2021 ilitoa Piaggio One, skuta nyepesi ya plastiki ambayo betri yake hutolewa na kupandishwa nyumbani, na mwaka huohuo ikaungana na Honda, Yamaha na KTM kutafuta kipimo kimoja cha betri za kubadilishana. Kwa hali yako ningeitazama hiyo ya pili, au pikipiki ya umeme ya hapa inayobadilishiwa betri kituoni. Kabla ya kulipa chochote, mtake muuzaji akuandikie betri mpya itatoka wapi, kwa bei gani, na itafika baada ya muda gani.